Mdogo wangu ana kesi ya mauaji na wakili anasema akiri kosa dogo. Akubali?

Swali: "Shikamoo wakili. Ninaishi Kahama. Mdogo wangu wa mwisho yuko mahabusu Shinyanga, huu mwaka wa tatu, kwa kesi ya mauaji. Walikuwa kilabuni wanakunywa, akagombana na rafiki yake kwa deni la shilingi elfu nane. Wakashikana, mdogo wangu akaokota kigoda akampiga nacho kichwani. Yule kijana akafia hospitali siku ya pili. Mdogo wangu hakukimbia, alikwenda mwenyewe kwa mtendaji wa kijiji. Juzi wakili aliyepangiwa na mahakama amenipigia, anasema kikao cha Mahakama Kuu kinakaribia na upo uwezekano wa kukiri kosa dogo la kuua bila kukusudia. Mama analia, anasema kukiri ni kumnyonga mwanawe kwa mikono yetu. Wenzake gerezani wanamwambia akatae, eti Jamhuri haina mashahidi. Halafu kuna mtu anatuomba milioni mbili 'akaongee na DPP', yule mkuu wa waendesha mashtaka. Tufanye nini? Akikiri atatoka siku hiyohiyo? Na mama aje mahakamani au abaki nyumbani?"

Marahaba, dada. Poleni sana, wewe na mama.

Nianze na hizo milioni mbili, maana ndilo jambo la haraka. Msitoe hata mia. Kukiri kosa hakuna ada. Mwenye haki ya kuzungumza na Wakili wa Serikali, yaani mwendesha mashtaka, kwa niaba ya mdogo wako ni wakili aliyepangiwa na mahakama, naye analipwa na Serikali. Huyo mwingine ni kishoka. Ujanja wao ninaujua: anapita koridoni, anasikia kwamba upande wa mashtaka unaelekea kukubali, anakimbilia kwa ndugu kabla habari haijawafikia. Kesi ikiisha vizuri, anasema ni kazi yake. Ikiisha vibaya, simu haipatikani. TAKUKURU wanapokea taarifa kwa namba 113, bure.

Sasa swali lenyewe. Kwenye barua yako mnabishana juu ya jina la kosa: ni mauaji, au ni kuua bila kukusudia? Sijaona mahali mlipouliza kisa kitakachosomwa siku hiyo kitasemaje. Mdogo wako hataulizwa jina la kosa tu. Atasomewa kisa chote cha usiku ule, aulizwe kama ndivyo ilivyokuwa, na akisema ndivyo, kisa hicho ndicho jaji atakachokipimia adhabu. Kwa hiyo mimi siwezi kukuambia "akubali" au "akatae" kabla ya kuyaona maelezo hayo kwenye karatasi. Ninachoweza ni kukuonyesha cha kuangalia.

(Sitakujaza namba za vifungu. Sheria zetu zimetolewa upya katika Toleo la Marejeo la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, na ukishika namba za zamani utajikuta unasoma kifungu kingine kabisa. Majina yanatosha: Kanuni ya Adhabu, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai.)

Mauaji ni kuua kwa nia ovu. Hapa ndipo familia nyingi zinapokosea, kwa sababu kwa Kiswahili cha nyumbani nia ovu ni mtu kukaa, kupanga, kunoa panga, kuvizia. Sheria haiko hivyo. Ukikusudia kumuua mtu, ni nia ovu. Ukikusudia kumdhuru vibaya tu, usitake afe, akafa, hiyo nayo ni nia ovu. Kwa hiyo kauli ya "sikutaka afe", ambayo nina hakika mdogo wako ameirudia mara mia, haitoshi peke yake. Jaji hawezi kufungua kichwa cha mtu akasoma alichokusudia, hivyo anaangalia matendo. Mahakama ya Rufani katika kesi ya Enock Kipela iliorodhesha ya kutazama: aina ya silaha na ukubwa wake, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, majeraha yenyewe, maneno aliyotamka mshtakiwa, na alivyojiendesha kabla na baada ya tukio.

Mweke mdogo wako kwenye mizani hiyo. Kichwani: kinamuumiza. Kigoda cha mti: inategemea uzito wake, lakini si fimbo ya kuchungia mbuzi. Mara moja, kama ni kweli ni mara moja: kinamsaidia. Kwenda mwenyewe kwa mtendaji: kinamsaidia sana. Na kuna kanuni ambayo mahakama zetu zimeishika kwa miaka mingi, inapatikana katika kesi ya Moses Mungasiani Laizer ya 1994, kwamba kifo kikitokea katika ugomvi wa watu kupigana, basi isipokuwa kuwe na mazingira ya kipekee, aliyesababisha kifo ana hatia ya kuua bila kukusudia, si mauaji. Wakili wenu hajaota. Ameona kwamba mambo ya usiku ule yanaingia kwenye kanuni hiyo.

Tofauti ya makosa haya mawili kwenye adhabu ni kubwa kuliko neno "dogo" linavyosikika. Anayetiwa hatiani kwa mauaji ana adhabu moja tu, kunyongwa hadi kufa, na jaji hana hiari ya kuipunguza hata akimwonea huruma. Ni kweli nchi hii haijamnyonga mtu tangu 1994. Ni kweli pia kwamba Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapohapo Arusha, ilisema adhabu ya kifo isiyomwachia jaji hiari inakiuka haki ya kuishi. Lakini adhabu hiyo bado ipo. Kosa la kuua bila kukusudia, lenyewe, halina kiwango cha chini. Juu kabisa ni kifungo cha maisha, chini kabisa ni kuachiwa kwa masharti, na katikati ni uwanja mzima ambao wakili anaweza kuutumia.

Kwa hiyo mwambie mama hivi: hakuna anayemwomba mwanawe akiri mauaji. Hata angetaka kufanya hivyo kwa uchungu, kwa kawaida mahakama ingeandika kwamba amekana, ushahidi usikilizwe. Anachoulizwa ni kama yuko tayari kukubali kosa jingine, lenye sura nyingine.

Hufanyikaje? Zipo njia mbili. Ya kwanza ni ya zamani, ilikuwapo kabla mimi sijavaa joho. Siku ya kusomewa shtaka Mahakama Kuu, mshtakiwa anakana mauaji, wakili wake anasimama na kusema mteja wake yuko tayari kukiri kosa dogo la kuua bila kukusudia. Jaji anamgeukia Wakili wa Serikali. Akisema "hatuna pingamizi", shtaka jipya linawekwa, mshtakiwa anasomewa, anajibu. Inaweza kuisha asubuhi moja. Lakini usidanganyike na wepesi huo, maana mazungumzo yenyewe yalishafanyika nje siku kadhaa kabla, na Wakili wa Serikali huwa ameshapata maelekezo ya ofisi yake.

Ya pili ni makubaliano rasmi ya kukiri kosa, ambayo watu wengi huyaita kwa Kiingereza chake, plea bargaining, hata vijijini. Yaliingizwa katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai mwaka 2019, kanuni zake zikatoka 2021. Kwa njia hii upande wowote unaweza kuanzisha mazungumzo na kuiarifu mahakama, lakini jaji mwenyewe haruhusiwi kushiriki. Makubaliano yanaandikwa na kusainiwa. Kisha mahakama inamwapisha mshtakiwa na kumweleza haki anazoziachia: haki ya kukana, ya kunyamaza, ya kuhesabiwa hana hatia, ya kesi kusikilizwa mpaka mwisho, na kwamba hatakuwa na rufaa isipokuwa juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu. Jaji lazima ajiridhishe kwamba hakuna aliyemlazimisha. Akiona sababu ya msingi anaweza kuyakataa makubaliano, na hilo halizuii pande mbili kurudi mezani. Yapo makosa ambayo sheria imeyafungia mlango huu, kama uhaini, ugaidi na makosa ya kingono dhidi ya watoto. Mauaji hayamo kwenye orodha hiyo.

Kuna kipengele ambacho wengi hawakijui: mshtakiwa asiye na wakili anaweza kusaidiwa kwenye mazungumzo haya na ndugu au rafiki. Mdogo wako anaye wakili, kwa hiyo hilo si lenu, lakini huenda mmoja wa wale wenzake wenye kesi nyingine likamfaa.

Najua kwa nini mtaani kwenu neno hili linanuka. Septemba 2019, Rais Magufuli alimshauri DPP awape siku saba watuhumiwa wa uhujumu uchumi waliokuwa tayari kukiri na kurudisha fedha. Waliojitokeza walitangazwa kuwa 467, na fedha walizoahidi zilizidi shilingi bilioni 107. Sheria ya makubaliano ilikuja wakati huohuo, na tangu hapo watu wakaelewa kwamba kukiri ni kulipa. Baadaye yakaja malalamiko juu ya jinsi baadhi ya makubaliano ya fedha yalivyopatikana, na ninayachukulia kwa uzito. Lakini kesi ya kigoda kilabuni haina mabilioni ya kurudisha. Inayozungumzwa hapa ni nia, basi.

Turudi kwenye karatasi niliyokuambia. Mshtakiwa akishajibu shtaka, Wakili wa Serikali anasoma maelezo ya kosa: nani, wapi, saa ngapi, nini kilitangulia, alipiga na nini, wapi, mara ngapi, alifanya nini baadaye. Anaambatisha ripoti ya uchunguzi wa mwili wa marehemu, ramani ya eneo la tukio, na mara nyingi maelezo ya onyo aliyoyatoa polisi. Kisha mshtakiwa anaulizwa: ni kweli? Utaratibu huu una mizizi ya kale. Mwaka 1942, katika kesi ya Yonasani Egalu, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema kila kipande kinachounda kosa kielezwe kwa mshtakiwa na atakiwe kukikubali au kukikataa. Mwaka 1973 kesi ya Adan ikaweka hatua moja baada ya nyingine, na mpaka leo majaji wetu wanazipitia hatua hizohizo.

Sentensi moja kwenye maelezo hayo inaweza kuwa na thamani ya miaka. Soma hizi mbili. "Wakiwa wanashikana, mshtakiwa aliokota kigoda kilichokuwa karibu na kumpiga marehemu kichwani mara moja." Na hii: "Baada ya kuachanishwa, mshtakiwa aliingia ndani, akachukua kigoda, akarudi na kumpiga marehemu kichwani." Kosa ni lilelile. Katika ya kwanza damu imechemka na mkono umeokota kilicho karibu. Katika ya pili kuna mtu aliyetulia, akatembea, akachagua. Ukikubali ya pili, usishangae jaji akiuliza kwa nini Jamhuri imeliacha shtaka la mauaji. Kazi kubwa ya wakili iko kwenye sentensi kama hizi, na inafanyika kabla ya siku ya mahakama. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwake liwe: "Maelezo ya kosa yameshaandikwa? Mdogo wangu ameyasoma?"

Lugha nayo ni jambo la kuangalia. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na ni hatua kubwa, lakini Kiswahili cha hati ya mahakama si cha kilabuni, wala si kila kijana wa kwenu anakifuata kinaposomwa haraka. Kama anafikiri kwa Kisukuma, aombe mkalimani, asione haya. Niliwahi kuwa na mteja aliyejibu "ni kweli, mheshimiwa" kwa kila kitu. Alikuwa ameambiwa huko mahabusu kwamba ukimjibu jaji kwa adabu adhabu inapungua. Jaji, mama mmoja mwenye subira, akamuuliza swali moja tu: "Kwa nini ulimpiga?" Akasema, "Alikuwa ameshanikaba, naona giza." Kesi ikasimama palepale, mahakama ikaandika kwamba amekana, nami nikarudi gerezani kuanza upya na mtu niliyedhani nimeshamsikiliza. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimemuuliza alifanya nini, sikumuuliza alifanyiwa nini.

Hilo linatuleta kwa wasiopaswa kukiri. Kama si yeye aliyepiga, asikiri, hata kama adhabu ya kosa dogo inavutia na mahabusu inachosha. Kama marehemu ndiye aliyemvamia na yeye alijihami kwa nguvu ya kiasi, hilo si kosa dogo wala kubwa, ni utetezi kamili, na njia yake ni kesi kusikilizwa. Kama alijihami lakini akazidisha nguvu, sheria yenyewe inaliita kosa hilo kuua bila kukusudia, na hapo kukiri kunaweza kuwa sahihi. Mpaka kati ya haya mawili ni mwembamba, ndiyo maana nasema mwulizeni kwa utulivu nini hasa kilitokea dakika mbili kabla ya kigoda. Na ile siku moja hospitali? Ndugu wengi wanang'ang'ania hapo: "angetibiwa vizuri angepona." Inawezekana, lakini kisheria mtu aliyemjeruhi mwenzake hanusuriki kirahisi kwa kusema matibabu hayakuwa mazuri. Msome ripoti ya daktari. Ikisema kifo kimetokana na fuvu kupasuka na damu kuvujia kwenye ubongo, hoja hiyo msiitegemee.

Wale wenzake mahabusu sasa. Siwadharau. Kuna watu mle ndani wanaoijua sheria ya ushahidi kuliko mawakili wachanga, kwa kuwa wameisikia kizimbani miaka saba. Lakini kila mmoja anashauri kwa kesi yake. "Jamhuri haina mashahidi" ni jambo linaloweza kuhakikiwa. Kabla kesi haijapelekwa Mahakama Kuu, mdogo wako alisomewa kwa hakimu maelezo ya mashahidi na vielelezo, na nakala zipo kwa wakili. Hesabuni: ni nani alikuwepo kilabuni, kila mmoja alisema nini, nani ameona pigo na nani amesikia kelele tu. Shahidi kuhama kwenda Geita machimboni si mwisho wake, anaweza kufuatwa. Hata aliyekufa au asiyepatikana, maelezo yake ya maandishi yanaweza kupokelewa kwa masharti ya Sheria ya Ushahidi. Juu ya yote, mdogo wako alijisalimisha. Alimwambia nini mtendaji? Aliandika nini polisi? Alipelekwa kwa mlinzi wa amani, yaani hakimu anayeandika maungamo, akaungama? Kama alisema mahali pote hapo kwamba ni yeye aliyepiga, hoja ya kukosekana mashahidi haina miguu, kwa sababu shahidi mkubwa ni yeye mwenyewe. Kinachobaki kubishaniwa ni nia.

Na hapa niwe mkweli kwako, kwa kuwa mawakili wengine hawalisemi. Kesi ikisikilizwa mpaka mwisho na nia ovu isithibitike, jaji anaweza kumtia hatiani kwa kuua bila kukusudia hata kama shtaka lilikuwa la mauaji. Yaani kukataa leo si lazima kuishie kwenye kitanzi. Na Jamhuri ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha pasipo kuacha shaka, inaweza kushindwa, akatoka huru. Wakili anayewatisha kwamba msipokiri ananyongwa anawatisha tu. Ila mkisubiri mwisho wa kesi mnapoteza kitu: punguzo la aliyekiri mapema. Majaji wengi hupunguza theluthi moja ya adhabu kwa mtu aliyekiri katika nafasi ya kwanza. Anayetiwa hatiani baada ya mashahidi kumi hana punguzo hilo. Na hatari ya hukumu ya mauaji, hata iwe ndogo, haitoki mezani mpaka siku ya hukumu.

Adhabu itakuwa kiasi gani? Mwongozo wa utoaji adhabu unaotumiwa na mahakama zetu umeligawa kosa hili madaraja matatu: la chini, kuanzia kuachiwa kwa masharti hadi miaka 4, la kati, miaka 4 hadi 10, la juu, miaka 10 hadi maisha. Silaha ya hatari na majeraha makubwa husukuma juu. Uchokozi wa marehemu na pigo moja la ghafla huvuta chini. Nikupe mfano wa hesabu, si ahadi. Jaji akianzia miaka 9, akatoa theluthi kwa kukiri, inabaki 6. Kisha anatakiwa kuzingatia muda aliokaa mahabusu, na akiuondoa wote, miaka mitatu, inabaki 3. Angalia neno "kuzingatia". Muda wa mahabusu haujiondoi wenyewe, ni lazima wakili aukumbushe, kwa tarehe ya kukamatwa iliyoandikwa, si kwa "kama miaka mitatu hivi". Mfungwa mwenye nidhamu naye kwa kawaida hupunguziwa theluthi ya kifungo chake huko magereza.

Kwa hiyo kutoka siku hiyohiyo kunawezekana. Nimeona watu waliopanda karandinga asubuhi wakarudi nyumbani jioni kwa basi, baada ya jaji kusema muda waliokaa unatosha na kuwaachia kwa masharti. Nimeona pia waliorudi na miaka kumi na mbili kwa kisa kinachofanana kwa macho ya mtu wa nje. Ukiwaandaa ndugu kwa sherehe, utakuwa na msiba wa pili nyumbani. Waandae kwa miaka kadhaa, na ikija pungufu mtashukuru. Jambo jingine dogo: mauaji hayana dhamana, kuua bila kukusudia kuna dhamana. Kama DPP angebadilisha shtaka mapema na shauri likaahirishwa, wakili aombe dhamana hapohapo, asisubiri.

Akikiri halafu akajuta? Mlango unabaki wazi kidogo sana. Anaweza kulalamikia adhabu. Kuhusu hatia yenyewe, kesi ya Laurent Mpinga ya 1983 imeweka sababu zinazokubalika: kwamba kukiri kwake kulikuwa na utata au hakukukamilika, kwamba alikiri kwa kukosea au kutoelewa, kwamba shtaka halikuonyesha kosa lolote linalojulikana kisheria, au kwamba kwa maelezo aliyoyakubali asingeweza kutiwa hatiani. Na makubaliano rasmi yanaweza kutenguliwa ikithibitika yalipatikana kwa udanganyifu au kwa kulazimishwa. "Niliambiwa na ndugu zangu nikubali" haimo. Ndiyo maana uamuzi huu ni wake, si wa ukoo. Mkienda kumwona msimwamrishe, hata kama wewe ndiye uliyemlea.

Upande wa wafiwa usiupuuze, na hapa nawaomba muwe waangalifu. Kwenda kwao na wazee, kuomba msamaha, kuchangia mambo ya msiba hata kama ni miaka mitatu baadaye, ni jambo la utu, na jaji akilisikia linaweza kumsaidia mdogo wako. Katika makubaliano rasmi, mwendesha mashtaka hutakiwa kushauriana na mwathirika au mpelelezi hali inaporuhusu, na mahakama inaweza kuamuru fidia. Lakini hakuna ng'ombe mtakaotoa wakafuta kesi. Kesi ni ya Jamhuri. Na mtu wenu yeyote akimwambia shahidi "naomba usije mahakamani", mtakuwa mmefungua kesi nyingine juu ya hii.

Ukimpigia wakili, mwombe akutane na mdogo wako gerezani kabla ya siku yenyewe, si pale chini ya ngazi za mahakama dakika kumi kabla jaji hajaingia. Najua mawakili wa kupangiwa wanapewa mafaili mengi kwa posho ndogo, nami nimekuwa mmoja wao. Muombe tu kwa heshima, ila usiache. Ampelekee maelezo ya kosa yaliyoandikwa, ayasome naye mstari kwa mstari, na kila mstari ambao kijana anasema "hapana, haikuwa hivyo" aupigie alama na kwenda nao kwa Wakili wa Serikali. Mistari ikibaki miwili mitatu isiyo na uzito, sawa. Ukibaki mmoja unaosema aliingia ndani kuchukua kigoda, na yeye anasema hakuingia popote, basi asikiri maelezo hayo, na wakili aseme wazi kwamba wanakubali kosa lakini si kwa kisa hicho. Mara nyingi Jamhuri hulegeza.

Kuhusu mama, aje. Aje na cheti cha kliniki kama anaumwa presha au sukari, na wewe uje na barua ya mtendaji inayosema mdogo wako hana rekodi ya uhalifu na ana watoto wangapi, kama anao. Baada ya kutiwa hatiani wakili atapewa nafasi ya kumwombea apunguziwe adhabu, na ni tofauti kusema "ana mama mgonjwa" na kusema hivyo huku mama amekaa benchi la nyuma. Mwambie tu mambo mawili: simu aizime, na maelezo yatakaposomwa, atasikia mwanawe akikubali kwa sauti kwamba alimpiga mtu akafa. Kaeni naye karibu wakati huo.